Shati la Karatasi: Somo la Jiometri Lisilohitaji Mkasi

Watu wengi wakisikia habari za kukunja karatasi hudhani kuwa ni mchezo wa kuwatulizia watoto. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, kwani ni wachache waliopitia shule bila ya kukunja ndege au mashua kutokana na ukurasa wa daftari. Lakini mtu akipewa kipande kimoja cha karatasi na kuambiwa akigeuze kuwa shati dogo lenye kola, mabega na mikono miwili, bila ya kukata, kushona wala kutia gundi, hapo mchezo hugeuka kuwa mtihani. Fundi cherehani ana mkasi, sindano na uzi. Ana pia kitambaa kinachokubali kuvutwa. Mkunjaji hana hata kimoja kati ya hivyo. Alicho nacho ni karatasi, vidole vyake, na kanuni za jiometri ambazo haziwezi kuhongwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vazi dogo la karatasi linavyokunjwa, na kuonyesha kwamba kila sehemu ya vazi hilo ni matokeo ya hesabu inayoweza kuthibitishwa. Msomaji anashauriwa kuwa na karatasi mkononi anapoyasoma, kwa sababu hoja nyingi zilizomo humu huonekana wazi zaidi kwa vidole kuliko kwa macho.

ASILI YA SANAA HII

Karatasi ilivumbuliwa nchini China, na ujuzi wa kuitengeneza ulifika Japani kupitia Korea mnamo karne ya 7. Huko Japani, karatasi iliyokunjwa ilitumika kwanza katika ibada na katika kufunga zawadi kwa heshima. Baadaye ilipozidi kupatikana kwa bei nafuu, watu wa kawaida nao walianza kuikunja kwa burudani. Mwaka 1797 kilichapishwa mjini Kyoto kitabu kiitwacho Hiden Senbazuru Orikata, kinachofundisha namna ya kukunja makundi ya ndege aina ya korongo. Jina la sanaa hii, origami, limeundwa kwa maneno mawili ya Kijapani: oru, yaani kukunja, na kami, yaani karatasi.

Miongoni mwa maumbo ya kale yanayojulikana na karibu kila mtoto wa Kijapani ni yakko-san, yaani mtumishi wa nyumba ya mkubwa, aliyevaa joho lenye mikono mipana ya mraba. Umbo hilo huanza na karatasi ya mraba. Pembe zake nne hukunjwa mpaka katikati. Karatasi hugeuzwa, na pembe nne mpya hukunjwa tena mpaka katikati. Kisha hugeuzwa na kukunjwa mara ya tatu. Baada ya hapo karatasi hugeuzwa tena, na mifuko mitatu kati ya minne iliyojitokeza hufunguliwa. Miwili huwa mikono na mmoja huwa sehemu ya chini ya vazi, na ule uliobaki huwa kichwa. Kwa msingi huo huo hukunjwa pia hakama, yaani suruali pana ya Kijapani, ambayo huunganishwa chini ya yakko-san ili avae vazi kamili. Kila pembe nne zinapoletwa katikati, eneo la mraba hupungua kwa nusu. Karatasi ya sentimita 15 kila upande ina eneo la sentimita za mraba 225. Baada ya duru ya kwanza hubakia 112.5, baada ya ya pili 56.25, na baada ya ya tatu 28.125. Kipeo cha pili cha namba hiyo ya mwisho ni takriban 5.3, na huo ndio upande wa mraba uliobaki kwa sentimita.

Haishangazi kwamba Wajapani walifaulu mapema kukunja mavazi. Kimono halisi, vazi lao la jadi, hukatwa kutoka katika jora moja jembamba lenye upana wa takriban sentimita 36 na urefu wa takriban meta 12. Mikato yake yote ni ya mistari iliyonyooka; hakuna kwapa lililochongwa kwa mviringo wala bega lililopindwa. Vipande vyote ni mistatili au maumbo ya jirani yake, na vazi likivuliwa huweza kukunjwa likawa bapa kabisa. Kwa hiyo kimono tangu mwanzo ni vazi la jiometri bapa. Msomaji wa Afrika Mashariki hatapata taabu kulielewa jambo hili, kwa kuwa kanga nayo ni mstatili, wa takriban sentimita 150 kwa 110, unaouvika mwili kwa mikunjo na mafundo bila ya kukatwa. Shati lenye kola ni jambo jingine. Hilo ni vazi la mkasi, na kulikunja kwa karatasi ndiko kunakodai hesabu.

Mtu aliyefanya zaidi ya wengine kuifanya sanaa hii isomeke ni Yoshizawa Akira (1911–2005). Katika ujana wake alifanya kazi kiwandani, akatumia mikunjo kuwafundishia jiometri wafanyakazi wenzake. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alitumia alama ambazo hadi leo husomwa na wakunjaji wa mataifa yote: mstari wa vistari vifupi kwa mkunjo unaokwenda mbele, na mstari wa vistari na nukta kwa mkunjo unaokwenda nyuma. Mkunjo wa kwanza huitwa wa bonde, kwa sababu karatasi huzama kama bonde. Wa pili huitwa wa mlima, kwa sababu karatasi huinuka kama mgongo wa mlima.

KARATASI SI KITAMBAA

Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi zinazopishana. Kikivutwa kwa mshazari, nyuzi hizo hubadili pembe zake na kitambaa hurefuka. Fundi cherehani huitegemea sana tabia hiyo anapotaka nguo ifuate mviringo wa bega au wa shingo. Karatasi haina fadhila hiyo. Nyuzinyuzi zake za mimea zimelala na kushikamana kila upande, na ukiivuta, haitanuki kwa kiasi kinachoonekana, hupasuka.

Kutokana na ukweli huo hutoka kanuni ya msingi ya somo zima: kukunja hakubadilishi umbali wowote unaopimwa juu ya uso wa karatasi. Nukta mbili zilizokuwa umbali wa sentimita 5 kabla ya kukunjwa, zitabaki umbali huo huo ukipimwa kwa kuufuata uso wa karatasi, hata kama mikunjo imezileta zikagusana hewani. Eneo halipungui, wala uzito haupungui. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa kila meta moja ya mraba. Kwa hiyo kipande cha sentimita 10 kwa 20 kina uzito wa gramu 1.6, na shati litakalotokana nacho litakuwa na uzito huo huo. Fundi hutupa vipande vilivyobaki sakafuni. Mkunjaji hana cha kutupa: kila kisichotakiwa kuonekana sharti kifichwe ndani.

Tena, kila mkunjo ulionyooka ni kioo. Sehemu iliyokunjwa huangukia mahali pale pale ambapo taswira yake ingeonekana lau kioo kingesimamishwa juu ya mstari wa mkunjo. Kanuni hizi mbili, ya kutobadilika kwa umbali na ya kioo, zatosha kueleza shati zima.

JINSI YA KUKUNJA SHATI

Kinachohitajika ni mstatili ambao urefu wake ni mara mbili ya upana. Kwa ajili ya somo hili inafaa kutumia sentimita 10 kwa 20, kwa sababu hesabu zake ni nyepesi. Karatasi maalumu ya origami, ambayo mara nyingi huuzwa ikiwa mraba wa sentimita 15 wenye rangi upande mmoja na weupe upande wa pili, ikigawanywa katikati hutoa mistatili miwili ya sentimita 7.5 kwa 15. Atakayeitumia na azidishe kila kipimo kilichotajwa hapa chini kwa 0.75. Asiyekuwa na karatasi hiyo anaweza kutumia karatasi ya daftari, ya gazeti au ya kufungia vitu, mradi iwe nyembamba na isiyo na makunyanzi.

Hatua ya 1. Karatasi ilazwe mezani, upande wa rangi ukiwa chini na urefu wake ukielekea juu. Ikunjwe katikati kwa urefu, kisha ifunguliwe. Alama iliyobaki ni mstari wa katikati.

Hatua ya 2. Kingo mbili ndefu zikunjwe zikutane juu ya mstari wa katikati, kama milango miwili ya kabati inavyofungwa. Upana sasa ni sentimita 5, na kila mlango una upana wa sentimita 2.5.

Hatua ya 3. Ukanda wa sentimita 1 kwenye ncha ya juu ukunjwe kwenda nyuma. Urefu uliobaki ni sentimita 19.

Hatua ya 4. Nukta itiwe kwenye mstari wa katikati, sentimita 1.5 chini ya ukingo wa juu. Pembe ya juu ya kushoto iletwe mbele mpaka ncha yake iguse nukta hiyo, kisha mkunjo upigwe ukucha. Pembe ya kulia ifanyiwe vivyo hivyo. Mikunjo hiyo miwili hushuka kwa mshazari kutoka shingoni hadi ubavuni. Ule ukanda uliokuwa umefichwa nyuma sasa umejitokeza mbele, nao ndio kola.

Hatua ya 5. Katika ncha ya chini, kila mlango utiwe alama kwenye ukingo wake wa ndani, sentimita 5 kutoka chini. Pembe ya ndani ya mlango ifunguliwe kwenda nje, kwa mkunjo unaoanzia kwenye alama hiyo na kuishia katika pembe ya nje ya chini. Ncha ya mlango itavuka ubavu na kutokeza nje. Huo ndio mkono wa shati.

Hatua ya 6. Ncha ya chini ikunjwe kwenda juu kwa upande wa mbele, mpaka ukingo wake ufike pale ncha mbili za kola zinapokutana. Ukanda wa kola uinuliwe kidogo, na ukingo huo uingizwe chini yake. Mkunjaji aangalie kwamba kinachoinuliwa ni ukanda tu, si pembe nzima iliyokunjwa katika hatua ya 4. Akiinua pembe nzima, mabega hayatapata pa kupita. Mwisho, mkunjo wa chini upigwe ukucha.

Shati limekamilika. Likipimwa kwa rula litakuwa na kimo cha sentimita 10.25, na upana wa sentimita 8 kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya mkono wa pili. Vipimo hivi havikupatikana kwa kubahatisha.

HESABU ILIYOFICHIKA KATIKA KOLA

Swali la kwanza ni hili: upana wa shingo ni kiasi gani? Hakuna hatua hata moja iliyoutaja. Mkunjaji aliambiwa tu alete pembe kwenye nukta, nao upana wa shingo ukajitokeza wenyewe.

Jibu linapatikana hivi. Kabla ya kukunjwa, pembe ya juu ilikuwa sentimita 2.5 kutoka mstari wa katikati. Mkunjo uliukata ukingo wa juu mahali fulani. Umbali kutoka mahali hapo hadi mstari wa katikati, yaani nusu ya shingo, na uitwe k. Basi umbali kutoka mahali hapo hadi kwenye pembe ulikuwa 2.5 kutoa k. Kwa kuwa kukunja hakubadilishi umbali, pembe ilipohamia kwenye nukta umbali huo ulibaki vile vile. Sasa imeundwa pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja ni k, upande wa pili ni 1.5, na upande unaoikabili pembe mraba ni 2.5 kutoa k. Kwa kanuni ya Pythagoras, mraba wa upande huu wa tatu ni sawa na jumla ya miraba ya zile mbili. Mraba wa 2.5 kutoa k ni 6.25 kutoa 5k kujumlisha mraba wa k. Upande wa pili wa mlinganyo una mraba wa k kujumlisha 2.25. Miraba ya k hufutana, hubaki 6.25 kutoa 5k ni sawa na 2.25, kwa hiyo 5k ni 4, na k ni 0.8. Shingo ina upana wa sentimita 1.6.

Msomaji na apime. Akikuta milimita 16, ameithibitisha kanuni ya Pythagoras kwa kola ya shati. Tena na atazame pande za pembetatu hiyo kwa milimita: ni 8, 15 na 17. Hii ni mojawapo ya zile pembetatu mashuhuri zenye pembe mraba ambazo pande zake zote tatu ni namba kamili.

HESABU YA MIKONO

Mkono wa shati nao una siri ya namna hiyo hiyo. Ncha yake imetokeza nje ya ubavu kwa kiasi fulani, kiitwe p, na iko umbali fulani kutoka usawa wa bega, uitwe q. Kabla ya kufunguliwa, ncha hiyo ilikuwa sentimita 2.5 kutoka pembe ya nje, na sentimita 5 kutoka kwenye alama. Baada ya kufunguliwa, umbali huo wote wawili haukubadilika. Kutokana na umbali wa kwanza, mraba wa p kujumlisha mraba wa q ni 6.25. Kutokana na wa pili, mraba wa 2.5 kujumlisha p, ukijumlishwa na mraba wa 5 kutoa q, ni 25. Milinganyo hiyo miwili ikitatuliwa pamoja hutoa p sawa na 1.5 na q sawa na 2. Pembetatu iliyoko kati ya ubavu na ncha ya mkono ina pande za 1.5, 2 na 2.5, yaani ni ile pembetatu ya 3, 4 na 5 inayojulikana na kila mwashi anayehakikisha kwamba kona ya nyumba imekaa sawasawa.

Hapa pana funzo jingine. Alama ikishushwa kutoka sentimita 5 hadi 2.5, mkunjo huwa wa nyuzi 45, na ncha ya mlango huishia ubavuni kabisa bila ya kutokeza. Shati huwa halina mikono. Alama ikipandishwa zaidi ya 5, mkono hurefuka, lakini kadiri alama inavyopanda ndivyo nyongeza inavyopungua. Na hata alama ingepandishwa kiasi gani, mkono usingeweza kutokeza kufikia sentimita 2.5, kwa sababu huo ndio upana wa mlango wenyewe. Fundi cherehani akitaka mkono mrefu huongeza kitambaa. Mkunjaji hawezi kupata mkono mrefu kuliko ule aliouweka akiba katika hatua ya 2.

SHERIA YA MLIMA NA BONDE

Sasa shati lifunguliwe lote, karatasi ilazwe tena mezani, na mikunjo yake ichunguzwe. Mtazamaji atafute mahali ambapo mkunjo wa mlango unakatana na mkunjo wa ule ukanda wa sentimita 1. Hapo mikunjo minne hutoka katika nukta moja. Akiigusa kwa kidole atagundua kwamba mitatu ni ya bonde na mmoja ni wa mlima. Ahamie mahali ambapo mkunjo wa mlango unakatana na mkunjo wa mwisho uliofunga shati: atakuta tena mitatu ya aina moja na mmoja wa aina ya pili.

Hili nalo si la bahati. Katika nukta yoyote iliyo ndani ya karatasi inayokunjika ikawa bapa, idadi ya mikunjo ya mlima na idadi ya mikunjo ya bonde hutofautiana kwa 2 daima. Kanuni hiyo huitwa kwa jina la Mjapani Maekawa Jun. Kanuni mwenzake, inayoitwa kwa jina la Kawasaki Toshikazu, husema kwamba pembe zinazoizunguka nukta hiyo zikihesabiwa kwa kuruka moja moja, jumla yake ni nyuzi 180. Katika shati hili pembe hizo zote nne ni za nyuzi 90, na 90 mara mbili ni 180. Mtu akijaribu kubuni vazi ambalo mikunjo yake inavunja mojawapo ya kanuni hizi, karatasi itakataa kulala. Itafura au itapata makunyanzi. Hakuna ustadi wa vidole unaoweza kuishinda.

KOSA LA MILIMITA MOJA

Wanaoanza kujifunza mara nyingi hulalamika kwamba walifuata hatua zote na bado shati likaenda upande. Sababu yake yaeleweka kwa kanuni ya kioo. Kioo kikisogezwa milimita 1, taswira husogea milimita 2. Vivyo hivyo mkunjo ukikosewa kwa milimita 1, ukingo uliokunjwa hukosea kwa milimita 2. Mkunjo unaofuata, ukipimwa kutoka kwenye ukingo huo uliokosewa, hulirithi kosa na pengine kuliongeza. Hivyo basi hatua ya 1, ambayo huonekana nyepesi kupita zote, ndiyo inayodai uangalifu mkubwa kupita zote.

Sababu ya pili ni unene. Karatasi ya kawaida ina unene wa takriban milimita 0.1, na jiometri huiona kana kwamba haina unene kabisa. Lakini matabaka hujilimbikiza. Mstatili wa mwanzo ulikuwa na eneo la sentimita za mraba 200. Shati likitazamwa kwa mbele lina takriban 52 tu. Kwa wastani, basi, kila mahali pana karibu matabaka 4, na kwenye ncha za kola hufikia 7. Ndiyo maana wakunjaji stadi, wanapokunja milango katika hatua ya 2, huacha nafasi nyembamba kama unywele kati ya kingo mbili, ili unene upate mahali pa kukaa.

Sababu ya tatu ni mwelekeo wa nyuzinyuzi. Karatasi ya kiwandani hutengenezwa juu ya mashine inayokwenda mbele, na nyuzinyuzi nyingi hulala kuufuata mwendo wa mashine. Mkunjo unaofuata mwelekeo huo huwa safi. Unaoukata huwa mgumu na hupasuka kidogo. Ili kuujua mwelekeo huo, karatasi ipindwe taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila ya kuikunja. Upande inaokubali kwa urahisi zaidi ndio unaofuata nyuzinyuzi. Kwa shati hili inafaa ulingane na urefu wa mstatili, kwa kuwa mikunjo ya milango ndiyo mirefu kuliko yote.

KUTOKA SHATI HADI MAABARA

Walimu waliitambua faida ya mikunjo zamani. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg mwaka 1837, aliifanya kazi ya kukunja karatasi kuwa sehemu ya malezi. Mwaka 1893, Mhindi T. Sundara Row alichapisha mjini Madras, ambao leo huitwa Chennai, kitabu kizima cha jiometri ya mikunjo. Mwaka 1936, Margherita Beloch wa Italia alionyesha kwamba kwa kukunja karatasi huweza kutatuliwa milinganyo ya daraja la tatu. Matokeo hayo ni makubwa, kwa maana bikari na rula isiyo na vipimo haziwezi kuigawa kila pembe katika sehemu tatu zilizo sawa, jambo lililothibitishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837. Karatasi iliyokunjwa yaweza.

Wahandisi nao walifuata. Miura Koryo, mtaalamu wa Kijapani wa vyombo vya anga, alibuni mkunjo wa safu za msambamba unaoiwezesha karatasi pana kufunguka yote kwa mvuto mmoja wa pembe mbili zinazokabiliana. Mkunjo huo ulijaribiwa angani katika chombo cha Kijapani kilichorushwa mwaka 1995. Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ilisafiri ikiwa imekunjwa ndani ya roketi, pamoja na kinga yake ya jua yenye matabaka matano ambayo ikifunguliwa ina ukubwa wa takriban meta 21 kwa 14. Tatizo la wahandisi hao ni lile lile la mkunjaji wa shati: kitu kipana kisichotanuka kiingie mahali padogo, na kila mkunjo ukae pale hesabu ilipouamuru.

Hatimaye elimu hii imerudi katika mavazi yenyewe. Mwaka 2010, mbunifu Issey Miyake na wenzake, wakitumia kazi ya mtaalamu wa kompyuta Mitani Jun, walitoa nguo zinazokunjwa zikawa bapa kama karatasi ya origami, nazo zikiinuliwa huwa gauni au sketi. Mwaka 2017 huko Uingereza, Ryan Yasin, aliyesomea uhandisi wa vyombo vya anga, alijulikana kwa nguo za watoto zenye mikunjo midogo inayofunguka kwa urefu na kwa upana pamoja, ili vazi limfuate mtoto anavyokua. Mzazi yeyote anayenunua nguo ya mtoto na kuiona imembana baada ya miezi michache ataifahamu thamani ya mikunjo hiyo.

NAFASI YAKE DARASANI

Zipo shule nyingi ambazo wanafunzi 50 hugawana seti chache za vifaa vya jiometri. Katika shule hizo kanuni ya Pythagoras huandikwa ubaoni, hukaririwa, hujibiwa katika mtihani, kisha husahauliwa. Ukurasa mmoja wa daftari lililokwisha tumika unatosha kutoa shati moja, na shati moja linatosha kumwonyesha mwanafunzi pembetatu mbili za namba kamili, kanuni ya kioo, kuongezeka kwa makosa na sheria ya mlima na bonde. La muhimu zaidi ni kwamba shati humpa mwanafunzi hukumu isiyotoka kwa mwalimu. Akikosea, kola haifungi. Hahitaji alama ya kalamu nyekundu. Atafungua karatasi, ataitafuta hatua aliyokosea, na ataanza upya. Kazi hiyo ya kurudi nyuma na kulisaka kosa ndiyo mwanzo wa kila utafiti.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nukta ya kola ikiwekwa sentimita 2 chini ya ukingo wa juu badala ya 1.5, shingo itakuwa na upana gani?

2. Shati likikunjwa kwa mstatili wa sentimita 7.5 kwa 15, upana wake pamoja na mikono utakuwa kiasi gani?

3. Karatasi ya mraba wa sentimita 20 imekunjwa pembe nne mpaka katikati mara tatu. Eneo lililobaki ni kiasi gani?

Majibu: (1) milimita 9, (2) sentimita 6, (3) sentimita za mraba 50. Atakayepata majibu tofauti na asiyafute haraka. Akunje kwanza, apime, ndipo aamue ni kipi kilichokosea, kalamu yake au vidole vyake.